Futi Shingoni

Kila mchana, baada ya chakula, nyumba ile ilizama. Sahani zikishaoshwa na kengele ikishagongwa, watoto walipanda vitandani, mapazia ya buluu yakavutwa, na jua la nje likageuka rangi likipita kwenye kitambaa kile, hata chumba kizima kikawa kama kiko chini ya maji. Pumzi za watoto zilianza kila moja kivyake, zikatafutana, zikakutana, na mwisho zikawa pumzi moja ndefu inayopanda na kushuka. Ungekaa humo kidogo tu, ungeanza kuona viatu vilivyopangwa ukutani vinaelea.

Fundi ndiye aliyepewa zamu ya saa hiyo. Wenzake katika msafara walipaka rangi ukuta wa jiko, walicheza mpira na kufundisha nyimbo za ishara. Yeye magoti yalikuwa na malalamiko yake, na sauti ya kuimba ilikuwa ya kuombewa, basi akaambiwa akae kwenye kiti katikati ya vitanda awaangalie watoto wakilala. Wengine walimwonea huruma. Masikini wa watu, hawakujua kuwa wamempa kipande kitamu kuliko vyote.

Huko kwao alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda chake na wateja wake wasumbufu, na futi yake ya kupimia ilikaa shingoni toka asubuhi mpaka jioni. Siku moja alikwenda nayo kanisani akakaa nayo ibada nzima, na jirani yake kwenye benchi hakumwambia kitu, alidhani ni mtindo mpya. Ndiyo aliyosafiri nayo. Wengine walivuka mpaka na kamera. Yeye alivuka na futi, kopo la vifungo na doti moja ya kitambaa cha njano chenye majani madogo meupe, alichokinunua bila kujua atakifanyia nini.

Nyumbani hakuacha mtu. Binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa ameolewa mwaka uliopita akahamia kwa mumewe. Gauni la harusi Fundi alilishona mwenyewe. Alimpima Jumapili moja pale sebuleni, mabega, kifua, kiuno, urefu, akamtania kwamba ameongezeka, binti akacheka, na baada ya hapo nyumba ikawa na viti vingi kupita kiasi. Kanisa lilipotangaza safari ya wiki mbili, kwenda nchi ya jirani kujitolea kwenye nyumba ya watoto wasio na wazazi, yule binti ndiye aliyepiga simu.

"Mama mdogo, nenda. Unakaa humo ndani unazungumza na cherehani."

"Cherehani hainijibu ovyo kama wewe."

"Nenda, mama mdogo. Nakuomba."

Akaenda. Lugha ya huko ilikuwa ileile, ila wenyeji waliipandisha mwishoni mwa sentensi, hata "karibuni" ikasikika kama swali. Mama Mlezi, mwenye nyumba, aliwapokea kibarazani. Alikuwa mwanamke mrefu, ana funguo kiunoni, na alichekesha bila yeye mwenyewe kucheka.

"Wageni wangu, masharti yangu ni machache," alisema. "Msiwapige watoto picha. Msibebe mmoja mkawaacha wengine, mtaniletea vita. Na msiahidi. Mtoto ukimwambia utarudi, anaanza kungoja siku hiyohiyo, hata wewe hujafika kwenye geti."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeambiwa asipime watoto, maana nani angefikiri kwamba mgeni atakuja na futi?

Katika nyumba ile nguo zilikuwa za wote. Kulikuwa na kabati moja kubwa ukumbini, na kila asubuhi lilipofunguliwa, kila mtoto alichukua kinachomtosha na jioni akakirudisha kwenye kapu la kufuliwa. Gauni la leo la fulani, kesho la mwingine. Kitu cha mtu mwenyewe kilikuwa kidogo sana: mahali pake pa kulala, kijiko chake, na kazi yake. Basi vitu hivyo vilipendwa na kulindwa kupita kiasi.

Na aliyekuwa navyo vizuri kuliko wote ni Bosi. Hilo jina alipewa na wenziwe, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa msichana wa miaka saba hivi, mwembamba, mwenye kidevu cha kuamuru. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani. Kijiko chake kilichorwa ua kwenye mpini. Kazi yake ilikuwa kugonga kengele, ya kuamka, ya kula, ya kulala, na aliigonga kana kwamba bila yeye jua lisingejua pa kwenda.

Saa ya kulala mchana Bosi hakulala. Walilala wengine wote, yeye akabaki na jicho moja wazi, akilinda. Siku ya pili Fundi alipitiwa na usingizi pale kitini, usingizi wa pono, akaota yuko kwenye kibanda chake na wateja wote ni watoto, wanadai nguo zao kwa upole. Alipoamka, Bosi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye unatulinda au sisi tunakulinda?"

"Nisamehe, Bosi. Macho yalinizidi."

"Na unakoroma."

"Mimi? Nakoroma?"

"Kidogo," Bosi akasema, akimhurumia. "Kama paka."

Tangu siku hiyo wakawa wanaendesha zamu pamoja. Wengine wakishalala, Bosi aliteremka kitandani akaja kukaa sakafuni, akaegemea mguu wa kiti, na wakanong'ona mambo ambayo ukiyatoa nje ya chumba kile hayana maana yoyote: kama nzi hulala, kama buluu ya pazia ikiingia machoni inatoka. Fundi alisahau magoti yake. Mara nyingine, kati ya pumzi na pumzi, alishindwa kujua ni nyumba gani aliyomo, na ni mtoto yupi huyo aliyeegemea mguuni pake, wa sasa au wa zamani. Hakujitahidi kujua. Kusema kweli alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha huwa mzembe.

Katika chumba cha stoo palikuwa na cherehani ya mkono, iliyoletwa na wageni wa miaka ya nyuma na kuachwa bila sindano. Fundi akaipaka mafuta, akaitia sindano yake mwenyewe, ikakohoa mara mbili ikakubali. Siku ileile Mama Mlezi aliondoka kwenda mjini kufuatilia karatasi za nyumba ofisi kwa ofisi, safari ya kulala huko. Aliwaachia nyumba wageni na mpishi, na mpishi alikuwa mtu wa sufuria. Ya vyumbani hayakumhusu.

Mchana wake ilinyesha. Mvua ilipiga bati taratibu, buluu ya chumba ikakoza, na Bosi akateremka kitandani na gauni lililochanika kwapani. Fundi aliona kwapa lile, akakumbuka kitambaa cha njano, na mikono ikatangulia kabla ya akili. Futi ikatoka shingoni.

"Njoo hapa. Simama vizuri. Usijivute tumbo."

Bosi akatazama futi, kisha akamtazama yeye.

"Mimi?"

"Kwani namwambia nani? Nyoosha mkono."

Akapima mabega. Akapima mkono, kifua, kiuno, na kutoka begani mpaka chini ya goti. Mtoto alisimama wima, macho makubwa, hata pumzi haitoki. Na chumbani vilevile: ile pumzi ndefu ya watoto ilikuwa imekatika. Fundi alidhani ni mvua imezidi sauti. Kama angegeuka, angeona vichwa vyote vimeinuka kwenye mito na macho yote yamefunguka. Lakini alikuwa anahesabu kichwani, ana tabasamu la mjinga.

Jioni ile kengele ya chakula iligongwa vibaya, kwa pupa, mapigo yamepandana. Aliyekuwa anaigonga ni Donge, kitoto cha kike cha duara, kilichokuwa hakijawahi hata kuruhusiwa kuishika.

"Bosi amekupa kengele?" Fundi akauliza.

"Amenipa," Donge akajibu, sauti ya chini, kama mtu aliye msibani.

Mezani kijiko chenye ua kilikuwa mkononi mwa msichana mwingine. Asubuhi yake kitanda cha dirishani kilikuwa na mwenyewe mpya, na Bosi alikuwa ametandika mkeka karibu na mlango. Fundi akaona ajabu, akaona na uzuri. Mtoto yule yule aliyekuwa halegezi kidole, leo anagawa kila kitu! Akamkumbatia. "Umefanya vizuri sana," akamwambia. Bosi akaitika kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu mzima anayepewa pole.

Tena kiongozi wa msafara, kijana mchangamfu aliyeitwa Mwenye Filimbi kwa sababu ya filimbi aliyoivaa hata kulala, alikuwa na somo la ukarimu siku ile. Mfano ulikuwa umejileta wenyewe mlangoni. Akamsimamisha Bosi mbele ya wote. "Tumpigie makofi rafiki yetu aliyetoa vitu vyake bila kuombwa!" Watoto wakapiga makofi, na Donge akaanza kulia. Mwenye Filimbi alisema machozi yale ni ya kuguswa na somo. Bosi hakulia. Alitazama nje, kwenye lile basi dogo la msafara lililoegeshwa chini ya ukuta, kama alivyozoea kuitazama saa ya ukumbini anapongoja wakati wa kugonga.

Ukweli ulijulikana saa ya kulala mchana. Fundi aliingia na gauni mkononi, limebaki mikono na pindo tu. Akamkuta Bosi kwenye mkeka wake wa mlangoni, amelala chali, nywele zimechanwa kwa maji, miguu imepangwa sambamba, na ana viatu. Viatu vya kutokea, vya kabatini, vimefungwa kamba mpaka juu.

"Mama, unalala na viatu? Hebu vua."

"Usinivue," Bosi akasema bila kufumbua macho. "Gari likiondoka nitachelewa."

"Gari gani tena?"

"Lako."

Fundi akapiga magoti pale mkekani, gauni likamwangukia mapajani. Nyuma yake funguo zililia. Mama Mlezi alikuwa amerudi kutoka mjini, amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Akatazama viatu, akatazama gauni la njano, akatazama futi shingoni mwa mgeni wake. Alimwashiria Fundi kwa kidole kimoja watoke nje.

Kibarazani alimweleza, na hakupandisha sauti hata mwisho wa sentensi.

"Katika nyumba hii mtoto hapimwi, anachagua kabatini. Namna moja tu ya mtoto kupimwa hapa ni akipata familia. Familia ikishakubaliwa, namsimamisha hapahapa kwenye baraza, nampima, anashonewa nguo yake ya kuondokea. Nguo mpya, ya kwake, hairudi kabatini. Na wao wenyewe, sijui nani aliwafundisha, aliyepimwa anagawa kila alicho nacho. Kitanda, kijiko, kazi. Akishagawa amegawa, hakirudi. Wanaliheshimu hilo kuliko masharti yangu yote."

"Mbona hakuniuliza?" Fundi akasema.

"Wanaogopa kulitaja kabla ya siku, lisije likaharibika." Mama Mlezi akaushusha mkoba begani. "Sasa niambie wewe. Kwani unamchukua?"

Jibu lilikuwa hapana, na Fundi alilijua. Yeye ni mgeni wa wiki mbili. Watoto hawatolewi kwa wageni wa wiki mbili, na ingekuwa ajabu kama wangetolewa. Lakini kabla ya kujibu aliona sebule yake, na viti vile vingi, na kwenye kimoja Bosi amekaa miguu haifiki chini, anaamrisha.

"Hapana," akasema mwishowe.

"Nimekuona ulipokwenda," Mama Mlezi akasema, na kwa mara ya kwanza alimshika mkono. "Sasa rudi."

Mwenye Filimbi alikuwa amewasikia, akaja mbio na ndoo ya rangi. "Jamani, hili dogo! Tuwapime wote! Wakipimwa wote, kupimwa hakutakuwa na maana tena, tatizo limekwisha."

"Mwanangu," Mama Mlezi akamwambia, "ukiwapima wote, kesho mchana nitakuta chumba kizima kimelala na viatu. Na basi lenu ni hilo moja." Kijana akarudi kwenye ukuta wake. Kwa upande wa Fundi, kitu kimoja kiliendelea kumzunguka kichwani. Naye huko kwao alimpima mtoto mara moja, Jumapili, sebuleni, akicheka, na mtoto akaondoka. Hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Alimwambia Bosi kesho yake, kwenye chumba cha stoo, cherehani ikiwa katikati yao. Alikuwa ameandaa maneno laini usiku mzima. Alipomwona mtoto ameingia na viatu vyake miguuni, aliyaacha yote. Akapiga moyo konde.

"Bosi, nimekukosea. Kwetu mtu akipimwa anashonewa nguo, basi. Sikujua kwamba hapa ni kuondoka. Basi letu linaondoka, na mimi sitakuchukua."

Bosi alitazama gurudumu la cherehani.

"Hata nikikaa chini? Mimi sihitaji kiti."

"Hata ukikaa chini, mama."

Mvua ilikuwa haipo siku ile, lakini Fundi aliisikia, kama mtu aliyeshuka chomboni anavyoendelea kuyumba.

"Basi ulinipimia nini?"

Alistahili kujibiwa. "Nilitaka kukushonea gauni. Na pia mikono yangu ilikuwa imekaa siku nyingi bila mtoto wa kumpima, ikaniponyoka. Kosa ni langu, si lako hata kidogo."

Bosi akakaa sakafuni akaanza kufungua kamba za viatu. Alizifungua polepole, akatoa kimoja, akatoa cha pili, akavipanga sambamba ukutani.

"Nitazungumza na Donge," Fundi akasema. "Kengele ni yako. Na kitanda pia, nitawaeleza wote kwamba—"

"Usizungumze naye." Kidevu kilipanda. "Nilishagawa."

Hapo Fundi akaelewa ukubwa wa alilolifanya. Alikuwa amemchukulia mtoto vitu vyote alivyokuwa navyo duniani, kwa futi, huku akitabasamu. Na mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria. Asingeivunja kwa faida yake. Siku iliyobaki ilikuwa ndefu. Bosi alilala mkekani, alikula kwa kijiko cha ziada kilichopinda, na kengele ilipogongwa ovyo aliuma midomo. Mmoja wa watoto alinong'ona, "Kapimwa bure," wengine wakacheka kicheko kile kidogo ambacho watoto hucheka wakiogopa. Bosi alipita katikati yao shingo juu. Fundi alimaliza gauni, pindo na yote, akamkabidhi. Bosi akaliweka kifuani akaangalia lilipofika, likafika pale pale alipopimwa, chini ya goti. Kisha akaenda nalo ukumbini, akafungua kabati, akalitundika na mengine.

Asubuhi ya kuondoka mizigo ilipangwa kibarazani. Mwenye Filimbi aliomba sala ndefu, watoto wamesimama safu, ukungu bado haujainuka uwanjani, na miti ya nje ya ukuta ilionekana kama imechorwa na penseli. Amina ilipoitikiwa, Bosi alitoka kwenye safu. Alivaa gauni la kahawia la kabatini, la kawaida. Akaenda moja kwa moja kwa Fundi, akanyoosha mkono, akavuta ncha ya futi. Futi ikateleza ikatoka shingoni mwa mwenyewe, kama iliyokuwa inangoja.

"Simama vizuri," akasema. "Usijivute tumbo."

Fundi akasimama.

"Inama, sikufikii."

Akapiga magoti, na magoti yale yakanyamaza kimya. Bosi akampima mabega, kwa kazi na kwa utulivu, ncha ya ulimi nje. Akampima mkono. Akampima na mahali ambapo fundi yeyote hapimi: mzingo wa kichwa, kiganja, kutoka sikio mpaka sikio kupitia kidevuni. Kila akipima alitaja namba kwa sauti, namba alizozipenda. "Tisa. Kumi na moja. Mia." Watoto wote walikuwa kimya, kimya kile cha chumba cha buluu, na safari hii Fundi alikisikia.

Kisha Bosi akageuka.

"Aliyepimwa ni huyu," akatangaza. "Mimi alinikosea. Anayeondoka ni yeye."

Pumzi ndefu ikatoka kwenye safu, wote kwa pamoja. Mlangoni Mama Mlezi alikuwa ameshika funguo zake zote kwenye ngumi zisilie.

"Basi agawe!" Donge akasema.

"Ndiyo, ugawe," Bosi akamwambia Fundi, kwa upole, kama unavyomweleza mgeni pa kuweka viatu.

Fundi akagawa. Kiti chake cha katikati ya vitanda alikichukua Donge, ambaye kwa furaha ile hakujua aishike kengele au aiache. Kopo la vifungo likaenda kwa mtoto aliyenong'ona jana. Kijiko alichokuwa akilia chakula, kandambili, kitana, sindano ya cherehani. Kila kitu kilipata mwenyewe, na kila aliyepokea aliitikia kwa kichwa kwa heshima ileile. Mwisho mikono ikawa mitupu. Bosi alikuwa amebaki mbele yake, futi ameivaa shingoni, ncha zake zinamgusa magotini.

"Na hiyo ni yako," Fundi akasema.

"Najua," Bosi akajibu.

Wakatazamana. Kooni mwa Fundi kulikuwa na neno moja, lile lile alilokatazwa siku ya kwanza, na lilikuwa limepanda mpaka kwenye meno.

"Usiseme utarudi," Bosi akasema.

"Sisemi."

"Vizuri."

Akamwekea mkono begani, pale alipoanza kupima, akaondoka zake. Alikuwa na kazi.

Basi lilipogeuka kwenye geti, Fundi alikaa dirishani. Kwenye uwanja Donge alikuwa amewahi kabatini akavaa gauni la njano, linaburuta chini, limefagia ukungu wote, na anagonga kengele bila sababu yoyote. Bosi alikuwa anapima nguzo ya geti. Amempa mwenzake ncha moja aishike, anamkaripia asiilegeze, na watoto wengine wanne watano wamekaa foleni, kila mmoja ana kitu mkononi cha kupimwa: jiwe, ndoo, mpira, kiatu. Hakuna hata mmoja aliyeogopa futi ile. Bosi hakupunga mkono, wala hakuinua kichwa. Alikuwa anataja namba.

Barabara ikaanza kuwabembeleza. Pazia la basi lilikuwa limepauka, na jua likipita hapo lilikuwa na kabuluu ndani yake. Wenzake wakaanza kusinzia mmoja mmoja, pumzi zikatafutana. Fundi akapeleka mkono shingoni, alivyozoea, akakuta ngozi tupu. Mkono ukabaki hapo. Machozi yakamteremka bila haraka, naye hakuyafuta.

Mwenye Filimbi alimwona kutoka kiti cha mbele. "Vipi, Fundi? Umesahau kitu?"

"Sijasahau," akasema. "Nimegawa."